Saumu ya Samaki

Mwavita alikitundika kibao chake juu ya tangi la samaki adhana ya magharibi ikiwa bado inasikika, mbele ya mgahawa uliojaa, ili asije akatokea mtu wa kusema hakukiona. Kilikuwa kipande cha boksi la sabuni, na herufi zake za mkaa zilisomeka mpaka mlangoni:

SAMAKI WAKO KWENYE SAUMU. MSIWAFUTURISHE.

Kisha akateremsha kifuniko, akapitisha kufuli kwenye pete mbili alizotengenezewa na fundi baiskeli, akalibana. Ufunguo akautia kwenye uzi, na uzi akauvaa shingoni, chini ya mtandio.

Mikono iliyokuwa inazielekea tende ikasita.

"Astaghfirullah," alisema mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha.

Mwingine alicheka, halafu akaona hakuna anayemuunga mkono, akajifanya anakohoa.

"Shuka kwenye kiti hicho," alisema Munyaneza kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa mwenye mgahawa, na alikuwa mjomba wake Mwavita, kaka wa marehemu mama yake. Kwa hiyo alikuwa na haki mbili za kumpigia kelele, na hakuwahi kuiacha hata moja ilale bure. "Shuka, na hicho kibao ukitoe. Unafanya mzaha na dini ya watu?"

"Nimeshashuka, Mjomba. Kibao hakishuki."

Hapo macho yote yakamgeukia Bibi Nyirarukundo.

Bibi alikuwa mama yake Munyaneza na mwenye kiti kilichokuwa kando ya tangi, kiti ambacho hata mgeni wa Mungu hakuwahi kukikalia. Alikuwa ameshika kisahani cha bati. Ndani yake mlikuwa na nusu ya sambusa, kiini cha yai na tende moja iliyopasuliwa. Hiyo ilikuwa futari ya samaki, na kila siku tangu mwezi uandame ndiyo iliyotolewa kwanza, kabla binadamu hajatia kitu kinywani.

"Mwavita," alisema Bibi.

"Naam, Bibi."

"Maneno yale umeniandikia mimi?"

"Nimemwandikia kila mwenye mkono."

Bibi alikiweka kisahani mapajani. Akanywa funda moja la maji, kwa sababu kuchelewesha kufungua si jambo jema, kisha akageuza uso ukutani. Mgahawa mzima ulifuturu siku ile kwa sauti ya vijiko tu.

*

Kigali ina vilima na ina mito, lakini bahari haina, na tangi lile lilikuwa la maji ya bahari. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mzungu mmoja mfanyabiashara wa kahawa huko Kiyovu. Vita vilipoanza kaskazini alifunga mizigo yake haraka, akauza kila kisichoingia kwenye ndege. Munyaneza alikwenda kununua jokofu, akarudi Nyamirambo, mtaa wa Waislamu ambao mji wote uliwaita Waswahili, na jokofu na tangi, samaki wakiwa ndani ya ndoo. Alifikiri wateja wangependa kula huku wanatazama kitu. Hakukosea.

Lakini kulitunza hakujua. Aliyejua ni Mwavita, au tuseme aliyeamua kujua. Alikuwa na diploma ya sekondari ya biolojia na kemia, yenye alama ambazo walimu walimpongeza kwazo, na alikuwa ameomba chuo kikuu mara mbili. Mara zote mbili majina yalibandikwa, lake halikuwemo, na hakuna aliyemweleza sababu. Sababu alizijua: jina la Kiswahili na mtaa wa Nyamirambo. Diploma ikabaki ukutani nyumbani kwa mjomba, na yeye akabaki akisuuza vikombe. Tangi likawa maabara yake. Mzungu aliacha pia kijisanduku chenye chupa za dawa za kupimia maji, pamoja na maelezo ya Kifaransa, na Mwavita aliyasoma mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo.

Maji yenyewe aliletewa na Léonce, dereva wa lori wa njia ya Dar es Salaam. Tangu barabara ya kwenda Uganda ifungwe, mizigo mingi ilipitia Rusumo, kwenye mpaka wa Tanzania, na Léonce alikuwa akijaza madumu mbali na bandari, mahali maji yalipokuwa safi, akayafunika turubai na kuyaleta pamoja na saruji za watu. "Ninyi Waswahili mna mambo," alikuwa akimwambia. "Wenzenu wanaagiza vitenge, wewe unaagiza bahari."

Na bahari hiyo ilikuwa imeshamgharimu. Mwaka uliopita yeye na Léonce walikuwa wakileta madumu kwa lori, wakasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari aliuliza mna nini, na Mwavita, kwa kushtuka, akajibu kwa lugha iliyokuwa karibu na ulimi wake, yaani Kiswahili: maji ya bahari. Askari akafungua dumu, akaonja, akatema. Bahari iko wapi Kigali? Akaona anachezewa. Akampigisha magoti kwenye changarawe, akamwambia aombe radhi.

"Kwa kosa gani?" aliuliza Mwavita.

"Kwa namna unavyosema."

Léonce alikuwa akimkonyeza kwa macho yote mawili: omba, yaishe. Akaomba. Askari akasema hajasikia, aombe kwa Kinyarwanda. Akaomba tena kwa Kinyarwanda. Ndipo askari akayamwaga madumu moja baada ya jingine, na maji yakapita kwenye magoti ya Mwavita yakielekea mtaroni. Aliinuka sketi ikiwa imelowa chumvi. Tangu siku ile neno lile lilikuwa limemkaukia kooni. Hata alipomkanyaga mtu, akatazamwa aombe radhi, hakuomba. Watu walisema anaringia diploma. Aliwaacha waseme.

*

Samaki wa Mzungu walikuwa wengi, na wengi walikufa kabla Mwavita hajajifunza. Waliobaki walikuwa wawili, na wote wawili majina walipewa na Bibi. Wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe aliitwa Shehe, kwa sababu mkanda wa kichwani ulimkaa kama kilemba. Wa buluu mwenye mkia wa njano aliitwa Bi Harusi. Chini yao, juu ya jiwe, palikuwa na kiumbe kisicho na uso wala miguu, chenye vidole laini vingi vilivyopepea kama ua. Shehe alilala humo, kwa hiyo Bibi alikiita Kitanda.

Bibi aliwapenda kuliko alivyokubali kusema. Ujanani aliolewa na mfanyakazi wa reli wa Tanga, akakaa huko mpaka alipofiwa. Alirudi Nyamirambo na mikeka miwili, binti mkononi na mtoto wa kiume mgongoni. Tangi lilipokuja aliingiza kidole majini, akakilamba, akahamishia kiti chake kando ya tangi.

Ramadhani ilipoingia Bibi alisema jambo moja: viumbe hawa hawana faradhi ya kufunga, wala hawana mdomo wa kuomba, basi tusile mbele yao wakatutazama. Maneno mazuri. Wateja wakayapenda mno. Siku ya pili kila meza ilikuwa na fungu lake la samaki. Wa chapati akamega chapati, wa supu akatupa kipande cha nyama, na mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, akitaka thawabu zaidi ya wenzake, akamimina kikombe kizima cha uji.

Mwavita alimweleza Bibi jikoni, kwa adabu. Bibi akacheka, akasema, "Mtoto wangu, hakuna aliyekufa kwa shibe." Alimweleza tena. Bibi akamwuliza kama huko shuleni walimfundisha uchoyo. Alimweleza mara ya tatu, na safari hii Bibi alikuwa amesinzia, au alijifanya.

Wakati huo kioo kilikuwa kimeota utando wa kijani unaoteleza. Mchanga ulikuwa umefunikwa na kitu cha rangi ya kutu. Kitanda kilikuwa kimekunja vidole vyake vyote, kimebaki ngumi. Mwavita alichota maji kwenye kichupa, akatia matone ya kupimia nitrati, akatikisa, akangoja. Maji yakawa mekundu kama taa ya breki ya lori. Akachota mengine, akatia matone ya fosfati. Yakawa buluu ya wino.

Hesabu yake haikuwa ngumu. Chakula kisicholiwa huoza, na kinacholiwa hutoka kwa njia nyingine, nacho kikaoza pia. Mwisho wa kuoza ni nitrati. Katika yai, nyama na unga mna fosfati, na fosfati ni mbolea. Kwenye shamba la maharagwe ni neema, kwenye bahari ya chumba kimoja ni balaa. Utando hunenepa, usiku huvuta hewa yote, na mwenye kupumua humo ndani hukosa. Bahari kubwa ingeumeza uji ule isijue. Hii haikuwa na pa kuupeleka.

Ndipo alipokwenda kwa fundi baiskeli.

*

Asubuhi iliyofuata siku ya kibao, mgahawa ulikuwa umefungwa kama ilivyo mchana wa Ramadhani, na Mwavita alikuwa amepiga magoti na mpira wa maji mkononi na karai sakafuni. Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Eustache, karani wa wizara moja, Mkatoliki wa Kicukiro ambaye hakufunga hata siku moja lakini futari hakuikosa hata siku moja.

"Dada Mwavita, iko chai?"

"Mchana hakuna chai, Eustache. Unajua."

"Kidogo tu. Mimi pia niko kwenye Kwaresima, nimeacha bia. Mtu akiacha bia na chai pia akose, iko Mkristo au iko mbuzi?" Akaingia bila kukaribishwa, akauona mpira. "Unafanya nini?"

"Nataka kuvuta uchafu wa mchangani. Ncha moja ndani, ncha nyingine kwenye karai, maji yanashuka yenyewe yakishaanza."

"Si uvute kwa mdomo yaanze?"

"Nimefunga. Nikimeza je?"

Eustache alimtazama kama mtu aliyeletewa wito wake wa kweli. "Lete," alisema. Kabla Mwavita hajamwambia kwamba kuna njia nyingine, kwamba alitaka tu kuujaza mpira maji na kuziba ncha kwa vidole, Eustache alikuwa ameshautia kinywani na kuvuta kwa nguvu zote za mtumishi wa serikali. Maji yakaja. Yalimfika kooni.

"Bikira Maria!" Akatema, akakohoa, akashika meza. "Iko chumvi!"

"Ni bahari."

"Bahari ya wapi hii yenye ladha ya sambusa?"

Mwavita alicheka mpaka mpira ukamponyoka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mwezi uandame. Kisha wakafanya kazi. Alipitisha ncha ya mpira juu ya mchanga polepole, na uchafu ukanyanyuka na kuingia kama moshi unaorudi jikoni. Alibadilisha pamba ya kichujio, ile ya zamani ikinuka kiasi kwamba Eustache aliipeleka nje kwa kuishika kwa ncha za vidole. Akaongeza maji ya Léonce kidogo kidogo, kwa sababu kuyabadilisha yote kwa mkupuo nako kungewaua. Kwenye dumu la mwisho mlikuwa na konzi ya mwani wa kijani aliouomba safari iliyopita. Akauchomeka kwenye kona yenye mwanga.

"Na hii majani?" aliuliza Eustache.

"Unakula uchafu ule ule. Ukikua naukata, natupa. Nikiutupa, nimetupa na uchafu."

"Basi huyu ndiye mteja wa maana hapa," alisema Eustache. "Anakula mabaki na hadai kiti."

*

Haikusaidia upesi. Vitu kama hivyo havijui kwamba watu wanangoja. Utando ulifutwa ukarudi. Kichupa kiliendelea kuwa chekundu, kikapungua kidogo, kikakataa kupungua tena. Na siku moja, kabla tu ya futari, Bi Harusi alikutwa amelala ubavu juu ya maji.

Mgahawa ulisimama wima.

"Si nilisema?" alifoka Munyaneza. "Si nilisema? Umemuua kwa njaa katika mwezi mtukufu! Watu wataniuliza nini mimi? Haya, kiumbe wa Mungu amekufia mikononi, furahi sasa!"

"Huyo utaulizwa siku ya Kiama, binti," alisema mzee wa dirishani. "Utaulizwa kwa jina lake."

Mwavita alifungua kufuli, akamtoa Bi Harusi kwa kitambaa, akafunga tena. Alimweka juu ya kaunta mbele ya mjomba wake.

"Mguse tumbo, Mjomba."

"Sigusi mzoga, naelekea kufuturu."

"Basi mtazame. Mwenye njaa tumbo hubonyea. Hili limetuna. Samaki anaweza kukaa wiki na zaidi bila kula na akawa mzima. Ninyi hamkai hata mpaka adhana bila kuulizana saa. Huyu amekosa pumzi, kwa sababu mnamlisha kwenye choo chake."

Neno choo, pale, saa ile, sahani zikiwa mezani! Wawili watatu wakaondoka hata bila kufungua. Munyaneza akashika kichwa.

"Nisikilize," alisema, sauti yake ikiwa chini sasa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nimekuvumilia kwa sababu ya dada yangu. Kesho ukifungua kifuniko hicho watu wakatoa sadaka yao kama kawaida, yameisha. Usipofungua, sitakivunja, sivunji kitu cha mtu katika mwezi huu. Lakini Idi ikifika na Shehe naye amekufa, namwaga maji yote barabarani na naweka mandazi humo. Kabati zuri la kioo. Na wewe utatafuta mahali pengine pa kuonyesha kwamba umesoma."

Namwaga maji yote barabarani. Mwavita aliyasikia maneno hayo kwenye magoti.

"Sifungui," alisema.

Ndipo Bibi Nyirarukundo akazungumza, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kibao. Hakumtazama mjukuu wake.

"Wasipokula wao, na mimi hapa sili."

Akanywa funda lake la maji, akakaa na kisahani mapajani, akiwa amenyooka kama mlingoti, mpaka watu walipomaliza. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo. Siku ya tatu pia. Alikula alipofika nyumbani, usiku, kidogo, na kila mtu mtaani akajua. Mwavita alipita sokoni akasikia wanawake wakinyamaza. Alimjua bibi yake. Mtu yule alivuka nchi nzima kwa miguu na mtoto mgongoni kwa sababu shemeji alimwambia neno moja baya. Ukaidi huo ndio uliokuwa kifuani mwake yeye mwenyewe, chini ya mtandio, pamoja na ufunguo.

Siku ya nne Bibi alishika bilauri kwa mikono miwili. Mwavita alipeleka mkono shingoni. Aliushika uzi. Ingekuwa rahisi kiasi gani: kufuli liseme ka, kiini cha yai kishuke, Bibi ale, mtaa upumue. Na Shehe afe kabla ya mwandamo wa mwezi, watu waseme maskini, ilikuwa siku yake.

Aliuachia uzi.

*

Kesho yake alasiri alikwenda nyumbani kumwita Bibi. "Njoo unione nikifanya kazi. Usiseme nami kama hutaki, lakini njoo."

Bibi alikuja. Alikaa kitini mwake. Mwavita alijaza mpira maji, akaziba ncha kwa vidole, akaanza. Safari hii aliingiza mpira nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo hakuwahi kupafikia, na kilichotoka kilikuwa cheusi. Harufu ilipanda kama yai viza. Karai lilipojaa aliliburuta mpaka miguuni kwa Bibi, akachutama, akaingiza mkono na kuanza kutoa kitu kimoja kimoja, akivipanga sakafuni. Mfupa wa kuku. Ukoko wa chapati wenye manyoya ya kuvu. Ngozi ya sambusa. Kokwa za tende, nyingi, zikiwa na utelezi mweusi.

"Hizi zako," alisema Mwavita. "Wengine hawatoi tende."

Bibi aliziinamia kokwa. Nje mvua ya kwanza ya masika ilianza kupiga mabati.

"Tanga," alisema hatimaye, "tulikuwa tunatupa mabaki baharini, samaki wakaja mpaka miguuni."

"Tanga bahari ilikuwa inaondoka na kurudi, Bibi. Hii haiendi popote. Wanachofanyiwa humu kinabaki humu."

Bibi alinyanyua kokwa moja, akainusa, akakunja uso, akairudisha.

"Ungeniambia mimi."

"Nilikwambia mara tatu."

"Ungeniambia mara ya nne. Usingeniandikia kibao mbele ya watu, kama mlevi aliyekatazwa dukani."

Jibu Mwavita alikuwa nalo, lakini liliuma pande zote mbili. Alichukua karai akalimwaga kwenye migomba ya uani, akarudi kuosha mikono.

Jioni ile, adhana iliposikika, Bibi alikunywa maji yake. Kisha, bila kumtazama mtu, alikitoa kiini cha yai kwenye kisahani cha samaki akakila mwenyewe. Munyaneza alifungua kinywa kusema kitu, Bibi akamtupia jicho, akakifunga.

Toka hapo mtaa ulipoa kidogo. Mwavita aliendelea: kuvuta mchanga, kubadilisha pamba, kuongeza maji ya Léonce, kukata mwani ulioanza kuchanua kwenye kona. Siku zilizobaki alimlisha Shehe mwenyewe, chembe za dagaa waliosagwa, kiasi cha kushika kwa kucha, na kile ambacho Shehe hakukigusa alikitoa kwa kijiko palepale. Kila alipopima, wekundu ulikuwa umerudi nyuma hatua moja. Halafu nyingine.

*

Asubuhi ya Idi wanaume walirudi msikitini na kanzu zenye mikunjo ya pasi, Eustache akiwa nyuma yao na suti yake ya Jumapili, kwa sababu alisema sikukuu ya jirani hairuhusu mtu kuvaa kizembe. Walipoingia mgahawani walisimama.

Kioo kilikuwa cheupe. Mtu angeweza kuhesabu chembe za mchanga. Kitanda kilikuwa kimefungua ngumi yake na kueneza vidole vyote, na katikati yake Shehe alikuwa akijigeuza ubavu huu na ubavu huu, kilemba chake kikiwaka.

Mwavita aliweka vichupa viwili kaunta. Kimoja cha njano, chenye wekundu wa mbali kama chai iliyozidiwa maziwa. Kingine cha buluu hafifu mno, ya kubahatisha. "Bado kidogo," alisema. "Lakini ataishi."

"Mashallah," alisema mzee wa dirishani. Alisogeza uso mpaka kioo kikafanya ukungu.

"Haya, hongera," alisema Munyaneza. Alimaanisha, kabati la mandazi lilikuwa limeshatoka machoni mwake. "Tangi linabaki, na wewe unabaki."

Mwavita alivua uzi shingoni, akafungua kufuli. Alichukua chembe za dagaa akazitia katikati ya kiganja cha Bibi Nyirarukundo. "Hizi tu, Bibi." Bibi akazipukuta juu ya maji, na Shehe akapanda kuzipokea. Watu wakapiga makofi kama vile wameona harusi.

Hapo Munyaneza akapandisha mikono kuwanyamazisha. "Sasa limebaki jambo moja dogo. Samaki amepona, vizuri. Lakini watu walivunjiwa heshima hapa, na mama yangu alivunjiwa heshima katika mwezi mtukufu, kwa kibao. Leo ni siku ya kusameheana. Mwavita, mwombe Bibi radhi mbele ya hawa wote, yaishe, tule."

"Omba, binti," alisema mzee wa dirishani kwa upole. "Neno moja tu."

"Omba, dada," alinong'ona Eustache. "Pilau iko inapoa."

Bibi alikuwa amekaa wima kitini mwake, macho yake kwenye uso wa Mwavita. Hakumsaidia, wala hakumzuia. Alingoja tu, kama mtu anayetaka kujua ni damu ya nani aliyoilea.

Mwavita alihisi changarawe chini ya magoti yake, ingawa alikuwa amesimama. Alikitazama kibao kilichokuwa bado kinaning'inia, mkaa wake ukiwa umefifia kwa mvuke wa supu.

"Bibi nampenda, na anajua," alisema. "Mkono wake nitaubusu sasa hivi, kwa sababu ni sikukuu na kwa sababu ni bibi yangu. Bi Harusi nilimlilia, na nitaendelea kumlilia. Lakini nilisema kwa adabu, sikusikilizwa. Nikaandika, mkasoma. Nilichoandika kilikuwa kweli siku ile na leo bado ni kweli. Siku moja niliomba radhi kwa namna ninavyosema, na kilichofuata ni bahari yangu kumwagwa barabarani. Ramadhani ijayo kibao hiki kitakuwa pale pale, Mjomba, na kufuli lake."

Aliinama, akaubusu mkono wa bibi yake, akainuka.

"Radhi siombi."